Kilo Mbili za Kahawa

Saa moja asubuhi basi la wastaafu lilinguruma
mbele ya duka la mikate pale Izola.
Nikapewa kiti cha dirishani, namba kumi na nne,
na jirani yangu, kwa mapenzi ya orodha ya katibu,
akawa Vojko.

Vojko wa forodha. Vojko wa kofia ya nyota nyekundu,
aliyesimama miaka na miaka kilimani Škofije
akifungua mabuti ya magari
kama daktari afunguavyo kinywa cha mtoto:
"Una nini cha kutangaza?"
Leo hana kofia. Ana kipara, kifuko cha dawa,
na mkate wa jibini aliouviringisha gazetini.

Tukaongea habari za magoti. Tukaongea habari za mvua.
Mizabibu ikapita, winchi za bandari zikapita,
kisha basi likaanza kupanda, na moyo wangu,
mpumbavu asiyestaafu,
ukaenda mbio.

Kilima kile nakijua kwa jasho.
Mwaka wa themanini na moja, Jumamosi kwa Jumamosi,
nilikipanda mwembamba nikienda,
mnene nikirudi:
suruali tatu za jinzi, moja juu ya nyingine, mwezi wa Julai,
na kilo mbili za kahawa zimeshonewa ndani ya sketi
kama mimba ya siri.
"Sina kitu," nilisema, nikitazama viatu vyake.
Viatu vilimeta.
"Pita," alisema.

Sasa tumefika, na dereva hapunguzi hata gia.
Kibanda kipo bado. Vioo vimekula vumbi,
nyasi zimeota palipokuwa na foleni,
na mtu ameandika ukutani, kwa rangi ya kupuliza,
jina la mpenzi wake, akakosea herufi.
Sekunde nne. Nilihesabu.
Hofu yangu yote ya ujana, sekunde nne.
Nikamwona Vojko ameinua mkono, kiganja mbele,
kama anayesimamisha gari,
kisha akajifanya anarekebisha tundu la kiyoyozi.

Trieste tulifanya yafanywayo:
tulipiga picha, tulitafuta choo,
tulilalamikia bei ya aiskrimu, tukaila.
Saa tisa tukapanda boti ya kurudi Piran.

Baharini hakuna hata kibanda.
Nahodha alinyoosha kidole, akasema mpaka uko hapa, hapa hapa,
nasi sote, watu arobaini wenye kofia za jua,
tukainama ukingoni kuutazama.
Maji.
Bi Danica akaapa ameuona.

Ndipo Vojko aliponisogelea,
upepo ukitafuta kichwani mwake nywele za kuvuruga.
"Ilinukia," akasema. "Kabla hujaufikia mstari.
Mkuu wangu alikuwa na mafua yasiyokwisha, Mungu amrehemu,
lakini mimi pua nilikuwa nayo."

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Kahawa nayo imo katika ukoo huo.

"Mbona hukunikamata?"
Alilitazama povu kwa muda mrefu,
nikadhani hajasikia; sikio la kushoto halimsaidii.
"Mama yangu," akasema, "alikuwa anakaanga shayiri,
anaimimina kikombeni, anatuambia: kahawa hiyo."

Nikafungua mkoba. Pakiti mbili, za Trieste,
nilizozinunua bila haja yoyote;
Izola zimejaa madukani, tena kwa nafuu.
Mkono una mazoea yake.
Nikampa moja. Akainusa kama anayesoma barua,
akakohoa, akanyoosha mgongo,
akaitoa sauti ile ya kilimani:
"Mama, una nini cha kutangaza?"

Nikatazama viatu vyake.
Ni raba za kijivu siku hizi, za kubandika,
na kibandiko cha mguu wa kulia kilikuwa wazi.
"Sina kitu," nikasema,
nikainama, nikambandikia.
Goti likalia, langu au lake, sijui.
Boti ikapiga honi.