Spana Namba Kumi na Tatu

Kra-kra-kra, kama korosho mbovu ndani ya debe.
Landrova ya Bi Somoe imekuja hivyo toka Kitangari,
boneti imefungwa kwa kamba ya katani.

"Washa," nikamwambia. Ncha ya bisibisi
kwenye injini, mpini sikioni.
Tapeti zinasema, ila si kwa sauti hii.
Pampu ya maji, beringi imekauka kidogo.
Dinamo salama.
Akakanyaga mafuta, kelele ikakata.
Akaachia, ikarudi,
kama mtu agongaye mlango wa uani kwa adabu.

Basi si ugonjwa wa ndani.
Zima.
Nikazamisha mkono hadi kiwiko nyuma ya betri:
vumbi jekundu la Newala, grisi, jani la mkorosho,
kisha chuma, cha moto.
Spana. Shingoni ina alama yangu ya msumari.

"Ndiyo hiyo tu?" Bi Somoe akacheka.
Ndiyo hiyo, mama. Usilipe.

Msimu uliopita nilipekua begi la Dadi mbele za watu,
nikamfukuza gereji kwa spana hii.
Nasikia anabeba magunia ghalani, Tandahimba.

Landrova imeondoka kimya.
Spana nimeiosha kwa petroli, mara mbili.
Sijaitundika.