Shahidi wa Nyumba Moja

Saa tatu usiku, Barabara ya Ngong, ghorofa ya nne.
Wafubwa mlinzi keshazima taa za ngazi,
nami bado naiuliza kompyuta swali la darasa la tano:
bili ya maji shilingi mia tano, imechelewa siku tatu,
faini ngapi?

Swali dogo. Ila jaribio aliloniachia Ombati
halijibu mpaka kwanza nimuumbe mteja,
nimpe jina, nimpangishe chumba Kariobangi,
chumba nikipe mita, mita niipe msomaji,
msomaji nimwajiri, nimfungulie akaunti,
na akaunti iwe na benki, benki ya uongo
inayoitikia "ndiyo" kwa kila aombaye.
Mistari tisini.
Kuonja chumvi tu, nimealika ukoo na kukodi hema.

Jumanne mtu alibadilisha neno "simu" likawa "nambari",
neno tu, na maji hayapigi simu,
majaribio arobaini na moja yakawa mekundu,
yakalia kama waombolezaji wasiomjua marehemu.
Tukayabembeleza moja moja hadi alasiri.
Kijani. Tukanywa chai.

Alhamisi akapiga Bi Nyangweso:
"Mia tano, siku tatu.
Hii faini ya mia na hamsini mmeitoa wapi?"

Nikashuka mistarini. Kwenye kiwango sifuri moja imefutwa,
asilimia moja imekuwa kumi,
na jaribio letu, lisilojua jibu lolote lake lenyewe,
lilikwenda kuiuliza kanuni ile ile, kwa kiwango kile kile,
likarudi mbio: zimelingana!

Asemeje shahidi
anayelala chumba kimoja na mshtakiwa,
na shati alilovaa mahakamani ni la kuazima kwake?

Simlaumu Ombati. Nami nimeandika hivyo,
Ijumaa, saa kumi na moja, mvua ikinukia.

Usiku huu nafuta.
Mteja, kwaheri. Mita, kwaheri. Benki, asante kwa ndiyo zako.
Msomaji, mshahara tutaongea.
Nyuma ya risiti ya chapati madondo
nakokotoa kwa penseli, ulimi nje, kama zamani:
mia tano, mara moja juu ya mia, mara tatu.
Kumi na tano.
Naiandika hivyo hivyo, kumi na tano, kavu,
namba isiyomjua mtu humu ndani.

Naliendesha.

Jekundu.

Wiki nzima, hili ndilo neno la kwanza la kweli
kuambiwa na mashine hii.