Kitufe cha Kijivu

Ijumaa, saa moja asubuhi, theluji imefika vizingitini.
Gunvaldis anapiga simu kutoka shambani, nje ya Rēzekne:
programu yako haifunguki.
Kimetokea kidirisha chenye alama nyekundu,
kinasema kuna faili haionekani,
kisha kimya. Hata hesabu ya asali yangu siioni.

Vizma anamwomba asome jina la faili, herufi kwa herufi.
Analijua kabla hajafika nusu:
ni maktaba ya mizani ya umeme,
ile isomayo uzito wa ndoo kupitia waya.
"Unayo mizani ya umeme?"
"Ninayo ya chuma, ya baba. Ina ndoana na jiwe."

Aibu ikampanda Vizma hadi masikioni.
Miaka mitatu programu yake imesimama mlangoni na orodha,
ikiita majina kabla taa haijawashwa,
na mmoja asipoitika inawafukuza wote:
daftari la mizinga, madeni ya nta,
tarehe za malkia waliokufa Februari.
Karamu nzima inavunjwa
kwa kuwa mpiga zumari hakuja.

Usiku ule, chai imepoa, anaifuta maktaba kwenye orodha.
Ataiita baadaye, ndani, kwa sauti ya chini,
siku mtu atakapobonyeza *Pima*.
Ataiita kwenye folda yake yenyewe tu,
maana si kila aitikaye jina ndiye mwenye jina.
Likirudi sifuri, si msiba.
Sifuri nayo ni jibu.

Anadhani amemaliza. Saa nane anakumbuka
kompyuta ya mwalimu mmoja wa Ludza, yenye toleo la zamani:
maktaba ipo, inaitika naam,
ukiiagiza kazi mpya inakukodolea macho.
Kumbe maswali ni mawili. Upo?
Na hili, unalijua?
Analiandika la pili huku akijitukana
kwa tusi la bibi yake, ambalo halina tahajia.

Jumanne simu inalia tena.
Imefunguka. Mizinga arobaini na mmoja, yote ipo.
Ila kuna kitufe kimoja cha kijivu,
nakigusa, hakishtuki. Kimekufa?
"Hapana. Kinangoja kitu usichokuwa nacho."
Kimya. Nyuma yake birika, mbwa,
mlio wa ndoana ikipokea ndoo.
"Kumi na mbili na robo," anamwambia mtu mwingine,
kisha, kwenye simu: "Haya, na kingoje."