Kifaa Namba Kumi na Saba

Nilitumwa Chaani na orodha mkononi:
vihisi ishirini na vinne vya majaribio
virudishwe ghalani kabla mwaka wa fedha haujafungwa.

Kumi na sita nilivikuta vimekufa.
Kimoja kilikuwa kiota cha nyigu.
Kingine chumvi ilikitafuna skrubu kwa skrubu,
ikabaki stika tu: Jiji Erevu, Awamu ya Kwanza.
Ya pili hakuna aliyeiona.

Naikumbuka siku ya uzinduzi.
Hema jeupe, maji ya chupa, utepe.
Mgeni rasmi akabonyeza kitufe
na kwenye skrini kisima kikasema:
mita mbili na nusu.
Tukapiga makofi
kama watu ambao hawajawahi kupima kisima
kwa kamba na jiwe.

Miezi tisa. Kisha laini zikaisha salio.
Si mvua, si mwizi, si kutu hata:
shilingi hamsini kwa mwezi
hazikuwa na fungu.

Kwa Mejumaa, kibanda cha maji nyuma ya madrasa,
taa ya kijani ilikuwa ikipepesa.
Nikadhani ni macho yangu.

"Hicho usikiguse," akasema,
bila kuacha kujaza dumu.
Akanitolea daftari la mraba:
tarehe, kina, vocha hamsini,
tarehe, kina, vocha hamsini,
betri ya pikipiki kwa fundi Kitsao, mia nane,
Ramadhani: nilisahau, kikalala siku tatu.
Mwaka wa nne huo.

Na namba zinaenda wapi? nikauliza,
maana kule ofisini seva ilizimwa,
chumba chake sasa ni stoo ya viti.

"Kwangu. Kitsao aligeuza njia.
Maji yakishuka chini ya mita, simu inalia,
nafunga pampu,
nawaambia wa mikokoteni wawahi Magongo.
Wewe ulitaka ziende wapi?"

Fomu yangu ina visanduku viwili:
kimerudishwa, kimepotea.
Nikachora cha tatu kwa mkono,
mstari ukapinda,
nikaandika: kinatumika.
Na chini yake, kwa herufi ndogo,
hamsini mara kumi na mbili.

Jana fomu imerudi.
Mkuu wa idara amezungushia duara,
wino mwekundu:
hii mia sita ni ya nini?