Hesabu ya Tano

Mwarandu kaamriwa afe, na amekufa vizuri:
shingo tepetepe, mikono kawaachia maji,
mdomoni bado harufu ya viazi karai
alivyovila gatini saa moja asubuhi.

Chini yetu pima kumi na mbili. Mtongwe kule,
kreni za Kilindini zimetupa kisogo,
na Nyevu juu ya boti, saa mkononi:
"Usimtazame mato. Tazama kifua. Haya!"

Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Pumzi.
Mkanda wa risasi kwanza: bizimu, vuta, achia.
Kilo nane zazama bila kuaga.
Karani wa stoo ataniuliza. Na aniulize.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Pumzi.
Kamba ya kifua. Ya tumbo. Ya bega la kushoto
imekaza kama mkono wa mwenye deni,
nahangaika nayo, nasahau, sita, saba...
"Ushamuua!" apiga kelele Nyevu. "Rudi mwanzo!"

Na huyu maiti hatusemezani tangu Ijumaa:
zamu yangu aliiuza, akakana mbele ya watu.
Sasa kidevu chake ki kiganjani mwangu,
kizito, kitiifu,
kama bakuli la mchuzi lililojaa hadi ukingoni
nami nimeambiwa nisimwage.

Mtungi wake watoka, wajiendea zake na mkondo.
Moja. Mbili.
Sasa wangu. Hapa ndipo vidole hugoma.
Vya mwenzio wavivua kwa huruma;
vyako wavivua kwa nini?
Jaketi lanishika makwapani kama shangazi
anivushaye barabara, haniamini.
Tatu. Nne. Pumzi.
Nikaliacha.

Maji yakanipanda hadi masikioni, yakatulia hapo.
Tukabaki miguu minne, nguo mbili za mpira,
na pumzi moja ya kugawana
hadi ngazi ya boti, ambayo haikuwa ikisogea.

Mwarandu akafumbua jicho moja.
"Ile zamu..." akaanza.
"Maiti hasemi," nikamwambia. Moja. Mbili.

Usiku, Shika Adabu, nageuza chapati.
Mabega yanauma, chumvi ingali nyusini.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Napuliza jiko.