Chumvi ya Baba Mkwe

Theluji imeziba dirisha la jikoni hapa Yokote.
Mapipa ya figili yamejipanga ghalani,
kila pipa na jiwe lake kifuani.

Baba mkwe alikula hivyo, chumvi juu ya chumvi,
akicheka kwamba mwili wa mkulima hauozi.
Alianguka na koleo mkononi,
nusu ya ua haijafagiliwa.
Miaka hamsini na mitatu.

Leo muuguzi Hatsue kaja na mashine yake,
kamfunga Tokuji mkono, kabonyeza kipira:
mia moja hamsini na nane, juu ya tisini na sita.
“Lakini siumwi,” anasema mume wangu.
Hatsue hajibu. Anaiandika kwenye kalenda,
chini ya siku ya kuuza mpunga.

Sikubishana nao.
Usiku, kijiko kimoja cha miso badala ya viwili,
uyoga mwingi, tangawizi, ulimi usinishitaki.
Tokuji ameonja. Ameitazama picha ya babake ukutani;
wamebakiza miaka minne kulingana umri.

“Imepooza,” ananung’unika.
Neno hilo linakaa mezani kidogo, katikati yetu.
Kisha anasogeza bakuli:
“Niongezee.”