Buti la Kushoto

Kamera niliuziwa na mpwa wangu Nolberto
kwa bei ya magunia mawili ya viazi.
Lenzi fupi, ile iliyokuja nayo dukani,
na mlango wa betri umeshikizwa kwa plasta.
"Shangazi," akasema, "hii ni ya harusi na keki.
Ndege wanataka lenzi ndefu kama mkono wa mtu."
Nikamwambia mikono ninayo miwili.

Wiki ya kwanza nilipiga matawi.
Matawi mazuri, kila tone la mvua limeonekana,
na pale alipokuwa ndege, hewa.
Wiki ya pili nikapata mkia.
Ya tatu, nukta ya kahawia;
nikaivuta, nikaivuta kwenye kioo
mpaka ikawa miraba kama kitambaa cha kufuma.
Jirani yangu Otilia Oyarzo akavaa miwani.
"Yuko wapi?"
"Huyo hapo."
"Hilo jani."
Lilikuwa jani.

Huku Chiloé, chukao husikika kabla ya kuonekana,
na mara nyingi huishia kusikika.
Ngumi ya mtoto mchanga,
kifua rangi ya tofali la kuchoma,
lakini sauti yake ni chungu kinachochemka chini ya kifuniko.
Akilia upande wa kulia, husema watu, endelea na safari.
Akilia kushoto, rudi ukafunge mlango.
Asubuhi ile Belarmino alipokwenda kupasua mbao
sikusikiliza upande.
Nilikuwa nasugua sufuria.

Chini ya mianzi mwanga ni haba
kama chumvi ya mwisho wa mwezi.
Ukiiharakisha shata, picha inakuwa usiku;
ukiichelewesha, ndege anakuwa moshi.
Koti la nailoni lina mdomo, bora sweta la sufu.
Na usisimame. Kaa, matope yakupate, uwe kisiki.
Wanaosema mvumilivu hula mbivu
hawajakaa saa tatu juu ya majani yaliyooza
na mkojo umewabana.

Jumanne, mvua ikipungua,
alitoka kwenye mianzi kwa miguu,
mkia wima, karani aliyechelewa kazini.
Akaja. Akasita. Akaja.
Hatua mbili kutoka kwangu lenzi ikaanza kunung'unika,
mbele, nyuma, mbele, imeshindwa kumshika.
Nikapumua kwa tundu moja la pua.
Akapanda juu ya buti langu.
Uzito wake sikuuhisi.
Nikabonyeza.

Otilia aliitazama picha hiyo muda mrefu.
Ndege ni doa la moto, hana jicho wala mdomo.
Kilichotoka kikali ni buti:
tope, mshono, waya wa shaba badala ya kamba.
"Hilo ni la Belarmino," akasema.
"Yananipwaya," nikasema. "Navaa soksi tatu."

Akanirudishia kamera kwa mikono miwili,
kama bakuli lililojaa.
"Alilia upande gani?"
Hakulia, nikamwambia.
Alisimama tu hapo, kwenye la kushoto,
akalidonoa fundo la waya, mara mbili, tatu,
kama anayetaka kulifungua.